Kiuno Kwanza

"Kiuno kwanza!" Shangazi alipaza sauti, na warushaji wengine wa kisahani wakaangua kicheko.

"Shangazi, tuko uwanjani au ngomani?" mmoja wao akauliza.

Binti wa kaka yake alicheka nao, akajizungusha ndani ya duara bila kuachia kisahani. Alikuwa akipasha mwili kwa ajili ya mtupo wa mwisho, ule wa kuamua nani anaingia timu ya taifa.

Shangazi, aliyekuwa pia kocha wake, alikuwa ameshaacha kutazama kiuno. Alitazama kisigino cha kushoto. Kilipaswa kuinuka, mguu ugeukie vidoleni na goti ligeuke nao. Leo kilibaki chini. Mwili ulizunguka, mguu ukagoma, na msokoto wote ukaishia gotini. Kwa mtupo wa nguvu zote, kano ingekatika.

"Panauma tangu lini?"

"Goti haliumi."

"Sijataja goti."

Binti alitazama chini. "Nitatupa mara moja tu, Shangazi. Nitajikaza."

"Kujikaza hakuinui kisigino."

Mwamuzi akaita jina lake. Binti akakikumbatia kisahani kifuani.

Shangazi alivuka ukingo wa duara, akanyoosha mkono.

"Nipe."