Waya wa Ethi

Gidioni, fundi magari wa soko la Rulenge, alifungua boneti ya pikapu kuukuu iliyovuka mpaka na wakimbizi, na mikono yake ikasita juu ya injini.

Ubovu aliuona palepale. Waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani. Lakini waya ule aliusuka yeye mwenyewe, nyuzi tatu za shaba, wiki ambayo dada yake aliolewa ng'ambo ya mto. Shemeji yake alicheka sana, akasema gari lake limesukwa kama bibi harusi.

"Gari ni lako, mzee?" Gidioni alimuuliza mgeni aliyelileta.

"Langu tangu zamani," alijibu yule mgeni kwa upole. "Lina shida gani, fundi?"

"Ethi. Nani alikusukia huu waya?"

"Fundi mmoja wa kwetu. Siku hizi ni marehemu."

Gidioni alifungua nati taratibu, akauchomoa waya, akauzungusha kiganjani mpaka ukamkata.

"Nisubiri," alisema. "Nakwenda kutafuta mwingine."

Hakwenda dukani. Alikwenda kwa mama yake, ambaye tangu vita vianze huko ng'ambo alikuwa akimtandikia binti yake kitanda kila jioni.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa mlangoni, anajifunga kitenge haraka haraka, uso umechangamka.

"Wanasema gari la shemeji yako limeonekana sokoni. Dada yako umemwacha wapi?"