Mtandio Wakati wa Komunyo

Kwenye Misa ya kufungua mwaka wa shule, wazazi waliinuka kwenda kupokea komunyo. Mimi na baba Joanitha hatujafunga ndoa kanisani, kwa hiyo siruhusiwi kupokea; nilibaki nimekaa.

Benchi zima tulibaki wawili: mimi na mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Kasingirima, aliyemleta mwanawe darasa la kwanza. Yeye alikuwa ametulia tu.

Sista, mwalimu mkuu, akatutazama. Nikaificha rozari yangu kiganjani, shanga zikanichoma. Nikavuta mtandio, nikajifunika kichwa kama jirani yangu.

Sista akatabasamu, akapita.

Yule mama akafurahi, akanisogelea. "Asalamu aleikum, dada."

"Aleikumu salamu," nikaitikia.

Binti yangu Joanitha alikuwa ametoka kupokea komunyo. Alisimama ubavuni kwangu, akisubiri nimpishe akae.