Picha ya Mwenye Kampuni

"Niondoe," Nelson alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Hii picha yangu ifute. Weka ya mama watoto."

Anande alidhani hajasikia vizuri. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na tovuti ya kampuni ya Nelson ya kupandisha wageni Mlima Meru ilitakiwa kwenda hewani saa sita mchana. Miezi miwili alikuwa akiijenga katika ofisi yake ndogo ya Sekei, sura ya Nelson ikitawala ukurasa wa mbele.

"Kaka Nelson, saa hizi? Mabadiliko makubwa hivi huwa tunaandikishana kwanza."

"Dada, sina muda wa karatasi." Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani, macho mekundu kama ya mtu asiyelala. "Hanna akae katikati, awe mkubwa. Andika yeye ndiye mkurugenzi. Jina lake, namba yake. Langu lisibaki popote, hata kule chini kwenye maandishi madogo."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua. Nataka watu wamjue yeye kabla sijaondoka."

Sauti ilimkatika. Anande alimkumbuka baba yake, wiki ile ya mwisho ya uhai wake kule kijijini Poli, alivyomwita mama yao kitandani akamkabidhi shamba la kahawa mbele ya mchungaji.

Hakuuliza tena. Alibadilisha picha, akapanga upya rangi zilizogoma kuendana na gauni la Hanna, akafuta jina la Nelson ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Saa sita kasoro dakika tano tovuti ikaenda hewani. Nelson alimshika mkono, akatoka.

Jumatano iliyofuata mlango ulifunguliwa. Hanna aliingia amejitanda kanga, uso umevimba kwa kulia, wanaume wawili wakimfuata nyuma. Anande alisimama, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana, mama. Amekwenda lini?"

"Jumamosi alfajiri," Hanna alisema. "Kwa ndege. Wageni waliolipia safari wako kule kwenye geti la mlima, hakuna mpagazi wala kiongozi, na hawa askari wanasema mwenye kampuni ni mimi."

Kanga ilimteleza mikononi. Alikuwa amefungwa pingu.