Fuwele Chini ya Sakafu

Siku hizi kila nyumba mjini ina fuwele chini ya sakafu. Inangoja atomu moja tu ivunjike kwa namna ya pekee, ili wanasayansi wajue uzito wa chembe iitwayo neutrino. Mionzi mingine ikipita karibu, huharibu kipimo chote.

Kwa hiyo mama yake Tunsume alipofika kutoka hospitali, alikonyweshwa dawa ya mionzi ya kutibu rovu, uvimbe wa shingo, Tunsume alimtolea kiti nje, kwenye manyunyu. Wajukuu walimpungia bibi kupitia dirisha.

“Ningekukaribisha ndani, mama, ila sheria…”

“Naelewa, mwanangu.” Alikikumbatia kikombe cha chai kwa viganja. “Kwani hako kadude mnakokapima kana uzito gani?”

Tunsume akaangalia chini. “Bado hakajulikani. Ni kadogo mno, mama. Karibu na bure.”

“Ahaa.” Mama akajitanda kanga vizuri. “Mimi nilidhani ni kitu kikubwa.”

Alipokwenda zake, taa ya fuwele ilikuwa bado ya kijani: nyumba safi. Tunsume akatoka kukiingiza kiti. Alikuwa anakisugua kwa sabuni alipoinua macho na kuwakuta wanawe dirishani, wanamtazama.