Shimo la Udongo Mweupe

Mchanga ulikuwa ukichuruzika kutoka chini ya tabaka gumu la juu, mwembamba kama uzi, ukimwangukia shemeji yangu Eustadia begani. Hakuuhisi. Alikuwa shimoni akichimba udongo mweupe wa kupaka nyumba kabla ya Pasaka, maana tangu vita ianze chokaa ilikuwa imeadimika kwenye maduka ya Isevya.

"Shemeji, toka. Shimo linaanguka."

"Mwongo mkubwa wewe. Jana ulisema kuna nyoka."

Ni kweli. Shemeji na shemeji ni watani, na mimi utani naufanya kama kazi ya kuajiriwa. Juu ya kichwa chake ukatokea ufa, ukaanza kutambaa.

Nikapiga magoti ukingoni. Nikasema kwa sauti ya kanisani, "Shikamoo, mama."

Jembe likasimama hewani. Tangu aolewe na kaka yangu sikuwahi kumwamkia hivyo. Alinitazama usoni, akalitupa jembe, akapanda mbio.

Ukuta wote ulishuka nyuma ya visigino vyake. Kishindo kilipokwisha, alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, kucha zake zimejaa udongo.

"Na yule mama?" akauliza.

"Mama yupi?"

"Aliyekuwa akinijazia kikapu."

Nilikuwa nimekaa pale ukingoni tangu asubuhi. Eustadia aliingia peke yake.

Hata hivyo nilivua shati, nikashuka, nikaanza kufukua kwa mikono.