Bwawa Nyuma ya Mabati

Kila asubuhi mimi na mume wangu tunalizunguka bwawa, yeye kulia, mimi kushoto. Tukikutana tunagusanisha bangili, na bomba la nyumbani linafunguka. Sheria ndiyo hiyo: asiyetembea hanywi. Bwawa lenyewe hatulioni, limezungushiwa mabati marefu.

Miaka tisa tulikuwa tunakutana penye mgunga mkubwa. Wiki hii namkuta kabla sijafika hata nusu ya mwendo wangu, na goti lake bovu vile!

“Baba Shija, nani anakupakia?” Nilishamfikiria yule mjane mwenye baiskeli.

Akainamisha kichwa. “Mabati yameachia upande ule, na hapo mbele pia. Nakatiza katikati.”

“Katikati si kuna maji?”

“Hakuna, Mama Shija. Vumbi tupu. Usimwambie mtu.”

Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Tukagusanisha bangili, tukarudi.

Nyumbani bomba lilikuwa limeshafunguka, maji yanatiririka, baridi na safi kama siku zote. Akakinga kikombe, akaninyooshea. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wiki nzima sijamwona akinywa.

“Anza wewe,” nikamwambia.