Kipa Mmoja, Ligi Tatu

Ikupa alifuta namba nane, akaandika sita, kisha akaifuta na hiyo sita mpaka karatasi ikatoboka.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na klabu tatu za Ulaya zilikuwa zikimgombania kipa mmoja wa kitongoji cha Lidcombe, upande wa pili wa dunia. Ile ya Uingereza ilitaka jibu kabla ya saa kumi na moja. Kinuthia, wakala, alikuwa njiani akitokea Liverpool, ile ya jirani na Lidcombe, si ya Uingereza. Rhoda, mama yake Ikupa, alikuwa bado hajasema ndiyo.

Hapana alikuwa keshaisema mara mbili: mwaka juzi kwa Wajerumani, mwaka jana kwa Waswidi. Aliisema kwa upole, kama mtu anayefunga dirisha mvua inapoanza, na habari ikaisha.

Ikupa akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Akakaa. Akainuka tena. Treni ilipita nyuma ya nyumba, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Kaa chini, mjukuu wangu, unanitia kizunguzungu," alisema Bibi, akichambua mchele kwenye sinia.

"Siwezi, Bibi. Nikikaa naitazama saa tu."

Rhoda alikuwa akisugua sufuria iliyokuwa safi tangu mchana. Hata sare ya kazini, ya kule Bankstown anakotunza wazee, alikuwa hajaivua. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu zamani. Wenzake walidhani kilibanwa na mlango.

"Haya, nisomee hiyo karatasi yako," alisema bila kugeuka. "Wiki nzima huna wimbo mwingine."

Ikupa akasoma. Klabu ya Ufaransa ilimaliza ya pili, lakini ligi ile ina timu mbili tatu za kweli. Zilizobaki zinapigwa tano, sita. Kipa wa timu ya pili anamaliza mechi nzima akihesabu ndege. Ya Hispania ilimaliza ya nne. Mpira wao mtamu, ila bingwa wao na wenzake ni mlima na vichuguu. Ukikutana naye, kazi yako ni kuokota mipira wavuni.

"Na Uingereza?"

Hapo Ikupa akafika kwenye tundu la kifutio, palipokuwa na ile nane. Hilo ndilo lililokuwa likimzungusha tangu asubuhi. Angeweza kusema klabu yenyewe ni ya nane tu. Angeweza kusema ligi ile ni ngumu kupita kiasi, kwamba makipa wageni wanaozea benchi. Mama angekubali upesi, tena kwa furaha. Jumatatu ingekuwa Jumatatu kama nyingine zote: chai, basi, wali wa jioni, watatu mezani.

"Uingereza wa nane anaweza kumfunga wa pili," alisema hatimaye. "Wachezaji wazuri wa Hispania na Ujerumani wanahamia huko kila mwaka. Kila wiki kuna mashuti, kila wiki kuna watu uwanjani. Na kipa wao ameumia bega. Anayekwenda anaanza kucheza."

"Tiketi ngapi?" Rhoda aliuliza, ingawa alijua.

"Moja. Na chumba kimoja, kwenye nyumba ya wachezaji wanne. Mpaka mwezi wa tano."

"Umesikia, Mama?" Rhoda alimgeukia Bibi. "Tiketi moja. Mtoto bara lake, mama bara lake. Sikuvuka bahari yote hii nije kutengana na mwanangu. Siku ana homa, nani atajua? Siku kanuna hataki kula, nani atambembeleza?"

Bibi akatoa punje ya mchanga, akaiangalia, akaitupa.

"Mimi nilikuacha wewe ukaja huku. Nililia miezi mitatu. Nilikufa?"

Rhoda aligeuza sufuria, akaanza kuisugua upande wa nje.

Kinuthia aliingia saa kumi unusu, jasho likimtoka. Hata chai hakuitaka. Akafungua kompyuta juu ya meza, kando ya sinia la mchele.

"Mama Ikupa, hawa wasee wa England wako online saa hii. Contract iko ready. Nitakwambia ukweli: kwa kipa, mlango kama huu haufunguki kila mwaka. Ukisema no leo, mimi sidhani watapiga simu tena."

"Nimekusikia, Kinuthia."

"Basi tumuulize huyu." Alimtazama Ikupa. "Unasemaje, dada? Toka rohoni."

Wote wakamgeukia. Ikupa alijua neno moja tu lingetosha. Naogopa. Angelisema, sufuria ingewekwa chini na kompyuta ingefungwa. Lilimfika ulimini, akalimeza, likashuka kama kidonge kisicho na maji.

"Uingereza," alisema. Macho hakuyaondoa kwa mama yake. "Ni ngumu kuliko zote. Ndiyo inayofaa."

Rhoda akafuta mikono kwenye sare yake. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kumshika.

"Hayo ni ya kweli, au unajikaza?"

"Yote mawili, Mama."

Kinuthia akatazama saa, akaigeuza kompyuta. Ikupa akavuta kiti mpaka mbele ya mahali pa kusaini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ikatulia.

"Njoo ukae hapa, Mama," alisema. "Mimi nina shule, na Bibi yupo. Wewe ndiye kipa, nenda ukadake."